Hadithi za Wajapani, Ng'ambo ya Njia

Kitabu kile nilikisoma mara tatu, na mara zote tatu nilikifunga kwa hasira. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akafikiri nilikipenda kwa ajili ya yale yaliyokuja kutokea.

Kilikuja ndani ya sanduku la elimu ya watu wazima, mwaka 1982, mahindi ya kwetu Rhotia yakiwa yamefika magotini. Sanduku lilikuwa linaletwa na Landrova kutoka Mbulu, linakaa shuleni miezi mitatu, halafu linapelekwa Endabash na sisi tunaletewa jingine. Kwa kawaida vilikuwa vitabu vya nyuki, vya choo bora, vya kupanda kwa mistari. Safari ile kilikuwemo na hiki: hadithi fupi za Japani zilizotiwa Kiswahili, jalada limechanika hata jina la mwandishi halikuonekana.

Mwalimu Valeriani, aliyetufundisha akina mama kila Jumamosi katika chumba cha darasa la kwanza, magoti yetu yakigonga madawati ya watoto, akanipa mimi.

"Mama Piusi, wewe unasoma bila kufuata kwa kidole. Kisome, utueleze kama ni kizuri au kibaya. Wilayani wanataka ripoti kabla Landrova haijarudi."

Mimi nina darasa la nne la misheni. Tangu mume wangu Qamara afariki, na mwanangu Piusi apate kazi huko Mbulu, nasoma chochote kinachoingia nyumbani: kitabu cha sala, gazeti lililofungiwa chumvi, maandishi ya mfuko wa mbolea. Nikafikiri Wajapani hawatanishinda.

Hadithi ya kwanza ni hii. Mzee anapanda treni asubuhi kwenda kwenye kaburi la baba yake. Mvua inanyesha, anatazama mashamba ya mpunga dirishani. Anafika. Analiosha kaburi kwa maji. Anakaa juu ya jiwe, anatoa yai la kuchemsha kwenye leso, analimenya, analila lote. Anapanda treni, anarudi. Imeisha. Nilidhani karatasi mbili zimegandana, nikazipuliza, nikazisugua kwa kidole. Hazikugandana.

Jumamosi nikawaeleza wenzangu.

"Hakusema neno pale kaburini?" akauliza mmoja.

"Hakusema."

"Hata sala?"

"Hata ishara ya msalaba. Ni Wajapani."

"Sasa lile yai lilikuwa la nini?"

"La kula."

Wakacheka mpaka mwalimu akagonga ubao. Mlangoni alikuwa ameketi Nanyori, Mmasai aliyekuwa akiteremka na punda wake kutoka Ngorongoro kubadilishana maziwa na mahindi. Wateja wake wote tulikuwa darasani, kwa hiyo alikuwa anatungoja.

"Mzee alikuwa na njaa," akasema Nanyori. "Mtu akitoka mbali ana njaa. Nyie Wambulu mnataka kila kitu kiwe na maana. Mimi nimetoka juu tangu alfajiri, mbona hamniulizi maana ya tumbo langu?"

Ikabidi apewe viazi. Lakini mimi sikuridhika. Nikaliambia darasa zima kwamba mwandishi yule ni mvivu, hajui kumaliza kazi yake, na kwa siku kadhaa yai lile lilikaa kichwani mwangu kama jiwe ndani ya kiatu.

Hadithi ya pili, lazima niwe mkweli, niliipenda. Dada wawili wanaosha figili mtoni wakati wa baridi kali, mikono imekuwa myekundu. Mkubwa anaolewa kesho yake. Hawalizungumzii jambo hilo. Mdogo anamaliza fungu lake, halafu anachukua fungu la dada yake analiosha nalo. Mwezi wa saba upepo ukishuka kutoka Ngorongoro, maji ya kwetu nayo yanauma hivyo hivyo, na mimi na dada yangu tuliwahi kuoshana vyombo namna hiyo, wiki aliyoondoka kuolewa Qurus. Nililia kidogo. Lakini hata hapo harusi yenyewe hatuioni! Ni kama kualikwa, ukatembea na zawadi yako kichwani, ukafika ukaambiwa rudi, umeshaona turubai inatosha.

Sasa nimtaje Hyasinta, maana bila yeye ningekirudisha kitabu sandukuni na yangeishia hapo.

Hyasinta ni jirani yangu. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na njia ya ng'ombe. Mwanawe wa kwanza, wa miezi saba, alikufa kwa kifua mwanzoni mwa mvua za masika. Kwetu Wairaqw, ambao wengine hutuita Wambulu, tangu zamani mtu akifiwa na mwenzake wa ndoa, au na mtoto akiwa hana mwingine aliye hai, anawekwa metimani. Maana yake anatengwa. Haingii nyumba ya mtu wala mtu haingii kwake, hasalimiwi kwa mkono, hapewi moto, hachoti maji pale wanapochota wengine. Kitu kikishaingia kwake hakitoki mpaka muda wake uishe na atakaswe. Padri alikwisha kulikemea hilo mara nyingi, na watu walisema wameacha. Waliacha kwa mdomo. Mama mkwe wake, Leonida, ambaye sote tunamwita Mama Raphaeli, alisema Hyasinta atakaa mpaka mvua ziishe, na hakuna aliyebisha.

Raphaeli mwenyewe, baba wa marehemu, alikuwa Ngorongoro, anafanya kazi hotelini ukingoni mwa kreta, anabeba mizigo ya wageni. Alizika, akarudi kazini siku ya tatu. Huko hakuna aliyemuuliza habari za metimani. Zote aliachiwa mkewe.

Hyasinta hakuwa amesema neno tangu mazishi. Wiki ya tatu ilikuwa inaisha. Nilimwona kila siku ameketi mlangoni, ameipa njia mgongo, debe la maharage mbele yake, anachambua yale yale aliyoyachambua jana. Shingo ilikuwa imebaki mifupa. Nilizika mume, najua mtu anayeomboleza alivyo na najua mtu anayeondoka alivyo. Yule alikuwa anaondoka.

Nikaamua kumsomea. Kila siku saa kumi, baada ya kuwafunga ndama, nilichukua kinu changu kibovu nikakifudikiza upande wangu wa njia, nikaketi, nikasoma kwa sauti. Zilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kinuni mpaka mlangoni pake. Nilijua ni kumi na mbili kwa sababu Qamara alipokufa nami nilikaa metimani, nikiwa ndani ya nyumba yangu hii hii, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kupima kwa macho watu wanaposimama.

Siku ya kwanza nikamsomea figili. Hakugeuka. Siku ya pili nikamsomea yai, kwa vile hadithi zilizobaki zilikuwa na majina magumu. Nilipofika treni inaporudi, nikanyamaza.

Kuku wakapita. Halafu akasema, bila kugeuza shingo:

"Ndiyo imeisha?"

Jamani, niliruka kinuni. Wiki tatu!

"Imeisha, mwanangu."

"Na baba yake?"

"Yuko kaburini."

"Mzee hakumwambia kitu?"

"Hakumwambia. Hata mimi nimekasirika."

"Soma tena."

Nikasoma tena, nikamtukana yule mwandishi moyoni na kumshukuru Mungu hapo hapo. Siku ya tatu akageuza kiti. Siku ya nne nikaona amekula, ugali umebaki kwenye sahani lakini umemegwa.

Ilibaki hadithi ambayo nilikuwa nairuka. Mwanamke amefiwa na mtoto, mtoto ameanguka mtoni. Amejifungia ndani. Jirani yake kila asubuhi anamwekea bakuli la wali mlangoni, na kila asubuhi analikuta limejaa vile vile, wali umekauka juu. Siku ya sita analikuta bakuli tupu, limeoshwa, limefudikizwa kwenye ngazi. Jirani anasimama mbele ya mlango. Imeisha.

Siku ya tano Hyasinta akauliza, "Kuna nyingine?"

Mimi si mwongo. Nikasema iko. Nikasoma, na niliposoma habari za mtoto alisimamisha mikono juu ya maharage, lakini hakuondoka. Nikafika mwisho. Nikaliona lile bakuli, nikamwona yule mwanamke asiye na akili amesimama tu mbele ya mlango, na nikasema moyoni: hapana, leo sikubali. Bila kupumua nikaendelea, macho yakiwa bado kwenye karatasi:

"Mlango ukafunguliwa. Yule jirani akaingia. Wakakumbatiana, wakala wali pamoja."

Hyasinta akalisogeza debe pembeni.

"Umeongeza."

"Nimeongeza nini?"

"Soma tena mwisho."

Nikasoma tena. Mlango ukafunguliwa, jirani akaingia, wakalia, wakanywa chai.

"Mara ya kwanza walikula wali. Sasa wamekunywa chai."

"Si walikula kwanza, halafu wakanywa?"

"Mama Piusi," akasema, polepole, kama mtu anayemrudi mtoto. "Na Jumapili utaenda kukomunika."

Nikasikia uso unachoma. Mwanamke wa umri wangu, Rozari shingoni.

"Nipe nisome mwenyewe," akasema. "Mimi nina darasa la saba."

Kwa aibu sikufikiri. Nikainuka, nikaenda mpaka katikati ya njia, nikakiweka kitabu juu ya majani, nikarudi kinuni. Akaja, akakiokota, akaingia nacho ndani. Nilikaa pale nimefurahi kwa muda wa kumenya kiazi kimoja hivi. Halafu ndipo nilipokumbuka kwamba kilichoingia kule hakitoki, na kwamba Landrova inakuja Jumatatu.

Jumamosi hiyo hapakuwa na darasa, palikuwa na kesi.

"Umempa mkononi?" wakauliza.

"Nimeweka chini."

"Chini wapi?"

"Katikati ya njia."

"Katikati ya upande wake au ya upande wako?"

"Katikati ni katikati!"

"Majani yale ng'ombe wangu wanayapita," akasema mwingine, na akasogea kwenye dawati, akavuta na kanga yake isiguse yangu.

Mwalimu Valeriani akagonga ubao. "Akina mama, hizi ni imani za kizamani. Tuko karne ya ishirini. Kitabu kile ni mali ya serikali na kitarudi sandukuni."

"Vema, mwalimu," nikasema. "Kakichukue. Mlango wake unaujua."

Mwalimu akakohoa. Akapangusa chaki mikononi ingawa alikuwa hajaandika kitu.

"Nina mtoto mchanga nyumbani," akasema. "Si kwamba mimi naamini. Ni mke wangu."

Walicheka, lakini hakuna aliyesema nitakwenda mimi. Na mimi pia sikusema.

Nilipokuwa narudi nikamkuta Mama Raphaeli amesimama kwenye kona ya shamba lake, jembe begani, ananingoja.

"Antonia, umeanza kuingiza makaratasi kwenye mji wangu."

"Mama Raphaeli, mtoto anakauka mle ndani."

"Mtoto gani? Mimi nilizika wawili kabla ya Raphaeli. Wawili. Nilikaa metimani mara mbili, hakuna aliyekuja kunisomea. Nikavumilia, muda ukaisha, nikampata Raphaeli. Unafikiri namtesa mkamwana wangu? Namtafutia mtoto mwingine!" Akalishusha jembe begani kwa kishindo. Alikwishakuwa mzee, sikuwahi kumwona hivyo.

"Padri amesema..."

"Padri amesema. Na wewe ndiye unayesoma somo kanisani, Antonia. Kama huamini, mbona unakaa ng'ambo?"

Akageuka akaanza kulima, palizi ambayo haikuwa na haraka yoyote. Nikaondoka.

Kwa nini nilikaa ng'ambo? Nilijiambia ni kwa ajili ya ng'ombe, wasije watu wakanifungia njia ya malisho. Nilijiambia ni kwa ajili ya darasa, nani atawasomea wenzangu. Sababu zilikuwa nyingi na zote nzuri. Jumapili watu walipopanga mstari kukomunika nilibaki nimepiga magoti kwenye benchi, na najua walionitazama ni akina nani, maana nami nilikuwa nawatazama.

Jumatatu nilitoka kukamua. Umande ulikuwa mwingi, majani yamelala meupe. Juu ya kinu changu palikuwa na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Nyayo tupu zilitoka mlangoni kwa Hyasinta, zikavuka njia, zikafika kwenye kinu upande wangu, zikarudi. Alikuwa amevuka yeye.

Nikafungua. Kitabu. Nikaenda moja kwa moja kwenye ile hadithi ya bakuli. Chini kabisa, pale mwandishi alipoacha nafasi, kulikuwa na maneno ya penseli, mwandiko wa shule, umenyooka:

Hakuingia.

Basi. Neno moja tu.

Kwanza nilikasirika kwa ajili ya serikali. Kitabu cha watu kinaandikwa! Nikaingia ndani nikatafuta kifutio alichoacha Piusi tangu akiwa shule, nikakipata chini ya sanduku la nguo, kigumu kama kwato. Nikaanza kufuta. Herufi ya H ikafifia. Nikasikia kwamba mkono wangu unafanya kazi kwa bidii sana, kwa haraka, kama mtu anayefagia kabla mgeni hajaingia, na nikauacha.

Nilikuwa nimemwita yule Mjapani mvivu. Nilisema mbele ya darasa zima kwamba hajui kumaliza kazi yake. Na muda wote ule jirani wa kwenye kitabu alikuwa walau amefika mlangoni. Mimi nilikuwa kinuni.

Maziwa yalikuwa bado ya moto kwenye kibuyu. Nikajifunga kanga, nikachukua kibuyu na kitabu, nikavuka. Sikuhesabu hatua.

"Hodi."

"Hodi ya nini, mlango uko wazi," akasema Hyasinta.

Ndani kulinuka jivu la zamani na maharage. Kitanda cha mtoto, kile kidogo cha kamba, kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, na cha pili kilikuwa mbele ya moto, kitupu.

"Umechelewa," akasema. "Maji yamechemka mara mbili."

Tukanywa chai isiyo na sukari, maana sukari mwaka ule haikuonekana, tukaitia maziwa yangu. Nilikunywa kwenye kikombe chake. Hapo ndipo alipolia, na sitaeleza alivyolia. Nilimshika mpaka mkono ukafa ganzi.

Saa nne tukasikia Landrova shuleni, ikapiga honi, ikakaa, ikapiga tena. Baadaye mwalimu Valeriani akatokea njiani, amesimama pembeni ya kinu changu, shingo ameinyoosha.

"Mama Piusi! Uko wapi?"

"Niko huku!"

"Huku wapi?" Akaona niko mlangoni kwa Hyasinta. Akarudi hatua mbili. "Mama! Na wewe?"

"Na mimi."

"Dereva anasubiri! Niandike kitabu kimepotea?"

"Usiandike kimepotea. Andika kiko metimani."

"Wilayani hawatanielewa!"

"Watakuelewa. Nao wana mama zao."

Akasimama na karatasi yake, maskini, hajui aondoke au abaki. "Basi nipe ripoti! Ni kizuri au ni kibaya?"

"Andika!" nikapaza sauti. "Hadithi ya figili ni nzuri. Ya bakuli ni nzuri lakini inaudhi. Nyingine majina yake ni magumu. Kwa jumla huyu mtu anaandika vizuri mpaka karibu na mwisho, halafu anakimbia. Kama atapata nafasi, akaandike tena."

"Polepole, mama... mpaka karibu na mwisho..."

"Andika na yai!" akasema Hyasinta nyuma yangu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mwalimu kuisikia sauti yake tangu msiba. Penseli ilimponyoka.

Kuanzia siku hiyo nimehesabiwa pamoja naye. Wanawake wa darasa wananisalimia kwa kunyanyua kidevu kutoka mbali, na Jumapili benchi letu lina nafasi kubwa, tunakaa wawili pale wanapokaa sita. Raphaeli hajaja. Mama Raphaeli anapita njiani na jembe lake, hatutazami, ila hapiti tena haraka. Nanyori peke yake anaingia na maziwa yake kama kawaida, anaketi, anauliza kama yule mzee amekwisha kushiba.

Mvua bado zinaendelea. Saa kumi tunasoma, siku hizi anasoma Hyasinta na mimi nachambua maharage. Yai lile tumelirudia mara nyingi. Yeye anasema mzee alikula kwa sababu baba yake alikuwa akimpa yai walipokuwa wakisafiri, alipokuwa mdogo. Namuuliza hilo limeandikwa wapi. Anasema halikuandikwa. Namwambia basi naye anaongeza. Anacheka, na mimi bado nimekasirika, kwa sababu ingekuwa ni neno moja tu, na karatasi ilikuwa na nafasi.